Trekta Lililozimika kwa Mama Sikudhani

Mdogo wangu Yona,

Mama Sikudhani tumemzika Jumanne, hapa Kimamba. Nilikalishwa kwenye kiti karibu na wapishi, maana miguu hainibebi tena, na hapo nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake huku akimenya viazi, "Leo lile trekta la Yona lingekuwepo, lingezimika lenyewe kwa heshima." Wakacheka chini kwa chini, kama watu wanavyocheka matangani. Miaka yote hii, na bado wanacheka. Niliporudi nyumbani niliomba karatasi.

Trekta unalikumbuka kuliko mimi. Baba alilinunua kuukuu shamba la mkonge lilipofungwa. Wewe ukawa dereva, mimi nikawa mwalimu mkuu mwenye maoni. Masika yale likaanza ugonjwa wake: asubuhi linawaka vizuri, linatoka uani, linakwenda kama dakika ishirini, linakohoa, linazimika. Na dakika ishirini kutoka kwetu zilikuwa zinaishia mlangoni kwa Mama Sikudhani, mjane aliyeuza uji wa ulezi. Unashuka, unafungua tangi kupima mafuta kwa kijiti, unakunywa uji, unarudi kuliwasha. Linawaka kama halikuwa na neno.

Tulilitafuta tatizo kwa hamu, kweli. Mpaka leo siku zile nazihesabu kati ya siku zangu njema. Tulibadilisha filta ya dizeli. Ulikwenda Mikumi kutafuta nozeli ya kunyunyizia dizeli kwenye injini. Tulilegeza nati za paipu na kupampu ili kutoa hewa, mpaka Eliza, mkeo, akatufukuza mezani kwa harufu ya mikono yetu, tukala nje tumechuchumaa. Na siku moja ulinipa jibu lote mkononi.

"Kaka, nikifungua kifuniko cha tangi, linavuta pumzi. Fyuu! Kama mtu aliyeshtuka."

"Trekta halina mapafu, Yona."

Ukacheka, tukaendelea na pampu.

Shambani nako lilizimika, mara tatu, mara nne kwa siku. Lakini shambani hapakuwa na watu wa kuona. Barabarani walikuwepo. "Trekta limeoa!" walikupigia kelele vijana wa baiskeli. "Shemeji kapika nini leo?" Nawe ukawajibu, "Kapika uji, ninyi mmekosa!" Ulijibu utani kwa utani, wala hukujua kwamba Eliza anaupata wote sokoni. Mwisho akaomba kikao cha ukoo.

Sasa nisikilize. Asubuhi ya kikao, kabla watu hawajafika, nilikwenda peke yangu kwenye trekta. Ile fyuu yako ilikuwa imenikaa kichwani. Nililiwasha nikaliacha lingurume pale pale uani, nikakaa na saa yangu. Lilichukua muda mrefu kuliko barabarani, lakini lilizimika. Bila mjane, bila uji. Nikafungua kifuniko: fyuu. Nikakigeuza. Katikati kina kitundu kama cha sindano, na kitundu kile kilikuwa kimezibwa kwa gundi ya chuma.

Aliyekiziba ni mimi. Mvua zilipoanza niliona maji yanaweza kupenya humo yakachafua dizeli, nikajiona nimewahi. Sikumwambia mtu, nani anatangaza kazi ndogo kama hiyo? Kumbe mafuta yanaposhuka, tangi lazima livute hewa mahali pake. Likinyimwa, dizeli haifiki kwenye injini. Mwezi mzima tulihangaika kutoa hewa kwenye paipu, na mimi nilikuwa nimeifungia nje pale ilipotakiwa kuingia.

Nitakuambia kitu cha aibu: kwanza nilifurahi. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata hesabu. Nilichokonoa gundi kwa msumari mpaka mwanga ukapita. Furaha ilidumu hadi nilipowaona wajomba wakiingia na fimbo zao, nikajiona nimesimama mbele yao, mwalimu mkuu, nikieleza kwamba niliziba tundu nisilojua kazi yake.

Mjomba Lazaro aliniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, wewe umesoma. Injini inaweza kuchagua nyumba ya kuzimikia?"

Nikajibu, "Injini haichagui, Mjomba."

Kila neno la jibu lile lilikuwa kweli, na jibu lenyewe lilikuwa uongo. Eliza hakuinua kichwa. Wewe uliniangalia ukingoja niendelee, na mimi nikakunja karatasi nilizokuwa nikiandikia kikao.

Kesho yake ulipita kwa Mama Sikudhani bila kusimama. Watu wakapiga vigelegele. "Mmeona? Limesikia kikao!" Kupona kwa trekta kukawa ushahidi dhidi yako. Wiki ile ile Eliza akafunga mizigo, akarudi kwao Vidunda. Nawe ulikuwa umekuja kwangu jioni ile ile ya vigelegele, ukakataa kiti.

"Kaka, umelifanya nini?"

"Sijaligusa."

Hukunitazama usoni. Ulitazama mikono yangu, ukaondoka. Baada ya mavuno ukahamia Malolo, na tangu hapo salamu zako nazisikia kwa watu.

Hukulala kwa mjane, Yona. Ulikunywa uji ukingoja injini. Nilijua hivyo kabla kikao hakijaanza, nikanyamaza mpaka Mama Sikudhani akaingia kaburini na jina nililomwachia. Kwake nimechelewa. Daktari wa Kilosa, aliyenipima moyo, ananikataza kupanda ngazi, nami sina ngazi, kwa hiyo naelewa anachojaribu kuniambia.

Nakala ya kwanza ya barua hii imepanda Vidunda, asomewe Eliza kwa sauti. Ya pili itasomwa kanisani Jumapili, ili wanaocheka wajue wanachokicheka. Nimeomba nikalishwe mbele. Hii ya tatu ni yako.

Sikuombi uje. Lakini lipo swali ambalo sijaweza kulifungua peke yangu: jioni ile, mikononi mwangu, uliona nini? Kama uliiona gundi kwenye kucha, basi umelibeba jina baya miaka yote hii ukijua ni la kwangu. Nataka kujua, hata kama jibu litaniumiza.

Ndani ya trekta sasa wanatagia kuku. Kifuniko nimekitoa, kimo humu pamoja na barua. Kiweke mdomoni, upulize. Pumzi inapita.

Kaka yako,
aliyeziba