Siku Baba Alipotokea Kwenye Televisheni

Castelfidardo, Ancona
Jumatano, 17 Machi 1965

Mpendwa Baba Mdogo Nazzareno,

Shikamoo. Habari za Rosario? Mama Mdogo Elvira anaendeleaje na kile kifua chake? Namkumbuka kila Jumapili ninapowasha mshumaa kanisani. Sisi huku ni wazima. Mama goti linamsumbua mvua ikinyesha, mimi nimenenepa kidogo, na Baba... Basi, Baba ndiye sababu ya barua hii. Kama umesimama, tafuta kiti.

Baba ametokea kwenye televisheni! Ndiyo, Duilio yule yule kaka yako, na koti lake la harusi, kwenye kile kipindi cha Jumapili alasiri chenye waimbaji, wachekeshaji na wasichana wanaocheza dansi. Nakuona unavyocheka. Ngoja nianze mwanzo.

Unajua jinsi anavyoichukia televisheni. Tangu vijana waanze kuona bendi za magitaa humo, hakuna anayetaka akodiani zetu. Karakana yetu ilikuwa na mafundi saba, sasa tumebaki mimi na yeye, na mwezi uliopita alianza kusema tufunge. Settimio akiiwasha mkahawani kwake, Baba hugeuza kiti akaipa mgongo.

Jumamosi asubuhi Settimio alikuja mbio na aproni yake. "Duilio! Simu kutoka Roma! Ni Fulvio Sarmenti!"

Nusura nikiangushe chungu cha nta ya moto. Fulvio Sarmenti, Baba Mdogo! Sijui kama sahani zake za muziki zinafika Argentina, lakini huku hakuna dirisha lisilotoa sauti yake. Baba hakuinua hata kichwa. "Mwambie akanunue gitaa."

Mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Nenda ukapokee, jogoo mzee wewe, kabla sijaenda mimi nikamwimbie!"

Akaenda, nami nikamfuata, nikabana sikio langu kwenye simu pamoja naye. Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Sarmenti alitaka kuimba wimbo wake mpya huku akipiga akodiani aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kwenye mazoezi, taa za studio zilikuwa na joto la tanuri, nta inayoshika vile vilimi vya chuma ndani ikayeyuka, sauti zikaharibika. Walipoifungua, wakakuta jina la Baba na la mji wetu yameandikwa kwa penseli.

"Ipige niisikie," Baba akasema.

Ikapigwa kwenye simu. Nusu ya sauti zilikoroma kama mbuzi mwenye mafua, lakini zile zilizobaki nzima zilikuja safi kabisa. Baba akabadilika uso. Akarudisha mkono wa simu mahali pake bila hata kuaga.

"Ersilia, fungasha vifaa."

Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani akasema, macho yake yakiwa barabarani, "Ile ni ya mwaka hamsini na moja. Vilimi vyake alivitengeneza Nazzareno."

Miaka kumi na moja, Baba Mdogo! Tangu siku ile aliyokataa kukusindikiza stesheni akalipaka rangi bango la "Ndugu Cingolesi" likabaki jina lake peke yake, sikuwahi kumsikia akikutaja. Barua zako nilizisoma jikoni na Mama, Baba akijifanya haoni stempu. Nilitembea hatua moja nyuma yake hadi nyumbani, nikiogopa kumshtua.

Tulipanda treni ya mchana kwenda Roma. Jumapili asubuhi tukawa studioni, tukitembea juu ya nyaya nene kama mikono. Sarmenti ni mfupi kuliko anavyoonekana, na ana adabu. Alimshika Baba mikono miwili. "Mzee Duilio, nisaidie. Baba yangu aliipiga hii hadi wiki aliyokufa."

"Na wewe ukaiweka motoni kama mkate," Baba akamjibu. Nilitamani sakafu inimeze, lakini Sarmenti alicheka mpaka akakaa.

Tukapewa meza nyuma ya mapazia. Baba alivitoa vilimi kimoja kimoja, mimi nikachemsha nta. Safari hii aliongeza utomvu wa msonobari ili ihimili joto. Mwongozaji wa kipindi alikuwa akipita kila baada ya dakika kumi akitazama saa, na mwishowe akaleta akodiani mpya nyekundu inayong'aa. "Tumia hii, Fulvio. Kwenye televisheni watu wanatazama, hawasikilizi."

Baba akainua bisibisi. "Bwana, mimi nimekuwa nikisema hivyo miaka yote, sikujua kuwa nanyi mnajua."

Sarmenti akakataa ile nyekundu. Ilipobaki nusu saa, Baba akafunga skrubu ya mwisho, akavuta mvukuto, akapiga. Sauti zote zilikuwepo.

Kipindi kikaanza, moja kwa moja hewani. Sisi tulisimama pembeni, nyuma ya kamera. Mtangazaji ni Delfina Corsi, yule mwenye nywele zilizopandishwa kama keki. Sarmenti akaimba, na akodiani ikaimba naye hadi mwisho bila kukwama hata mara moja. Baba alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, hadi leo pana alama ya bluu.

Kumbe mambo hayakuisha hapo! Watu walipokuwa bado wanapiga makofi, Sarmenti akamnong'oneza Delfina, naye akaja moja kwa moja kwetu, akamkamata Baba kiwiko na kumvuta penye mwanga. Vidole vya Baba vilikuwa bado vina nta!

"Mabibi na mabwana," Delfina akasema, "huyu ndiye fundi aliyeitengeneza akodiani hii!"

Nilijua Baba atafanya moja kati ya mawili: atakimbia au atamtukana mtu. Alisimama tu akizikodolea macho zile taa. Mwongozaji akaanza kupunga mikono. Kisha Baba akavua kofia.

"Nilitengeneza sanduku lake," akasema. "Sauti si yangu. Sauti ni ya mdogo wangu, Nazzareno Cingolesi. Yuko Rosario, Argentina. Hapa hakuna fundi aliyemfikia, na mimi nilifuta jina lake kwenye bango. Nilikosea."

Halafu akainama kidogo kama anayetoka kanisani, akarudi mahali petu. Mimi nililia mpaka msichana mmoja wa dansi akanipa leso yake.

Mama alikuwa akitazama mkahawani. Anasema Settimio alipanda juu ya kiti akapiga kelele kana kwamba timu yake imefunga bao. Tuliporudi Jumatatu tulikuta watu wanane mlangoni na akodiani zao zilizokuwa zikiozea darini, wote wanataka kutengenezewa. Kufunga karakana hakutajwi tena. Jana Baba alikwangua rangi ya bango kwa kisu, lakini maandishi ya zamani hayakupona, kwa hiyo amemwita mchoraji aandike upya. Mimi sikumuuliza aandike nini, na wewe usiniulize.

Nisalimie sana Mama Mdogo Elvira, na binamu zangu Tullio na Graciela. Mama anawasalimu wote na anasema kifua kipakwe mafuta ya zeituni ya moto. Bikira Maria wa Loreto awafunike kwa vazi lake.

Ni mimi niwapendaye kutoka mbali,
Ersilia

Baba Mdogo, nilikuwa nabandika bahasha Baba akaninyang'anya karatasi. Amekaa nayo mezani nusu saa nzima. Huu unaofuata ni mwandiko wake, usidhani ni wangu:

Nazzareno. Msichana ametia chumvi, sikumshika mkono kwa nguvu kiasi hicho. Mengine ni kweli. Nilikuwa nakuja stesheni siku ile, nilifika hadi kona ya soko nikarudi. Niandikie wewe mwenyewe, nami nitafungua barua mwenyewe. Duilio.