Mimba ya Stella

Jumatatu, 12 Mei

Tumevuna tangu asubuhi. Mpunga wa bondeni umekauka vizuri, wa juu bado. Mgongo unauma.

Stella hakuja shambani. Ni mke wa Yohana, mdogo wangu. Yohana anasema anatapika. Mimba ya tano. Uzazi wa mwisho walimpasua, akavuja damu mpaka daktari akasema mbele yetu: mwingine utamuua. Yohana alisikia kama nilivyosikia mimi. Leo anapiga mluzi na kuwaambia wavunaji kwamba safari hii anataka dume.

Nilimchukia mchana kutwa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemkuta Stella jikoni, sakafuni. Kanga imelowa damu. Akanishika mkono. "Wifi, nimekunywa dawa. Usimwambie Yohana."

Sikuuliza dawa gani wala kapewa na nani. Kilichotoka kiliangukia mikononi mwangu. Nilikitazama. Vidole. Vidogo mno, lakini vidole.

Mama alikuwa mlangoni. Kasikia yote. Nikakiweka kwenye kitambaa, nikamwachia Mama, nikamkimbiza Stella hospitali mjini kwa pikipiki ya kukodi. Nimemkumbatia kwa nyuma njia nzima asianguke. Nesi akauliza imekuwaje. Nikasema imetoka yenyewe. Nimedanganya. Sijutii.

Niliporudi kijijini kwetu Mwamkulu, Mama alikuwa amekaa palepale, hajakigusa. Nimemfunga kwenye kanga yangu safi, nimemzika nyuma ya migomba, nikasali peke yangu. Nimelelewa kanisani. Najua ninachoamini. Yule alikuwa mtoto.

Na nikarudi hospitali kumpelekea Stella uji.

Jumapili, 18 Mei



Stella aliruhusiwa jana. Leo baada ya ibada Mama kamwambia Yohana. Mama anasema alishindwa kukaa na siri ile.

Nilisikia kelele zao nikiwa kwangu, ng'ambo ya barabara. Nikakuta Yohana anampiga Stella kwa mpini wa jembe. Siyo makofi. Mpini. Mbavuni, tumboni, palepale penye kovu la upasuaji. Kila pigo anasema neno lilelile: "Muuaji." Stella alikuwa halii. Hapo ndipo nilipoogopa. Watoto wamejibanza ukutani. Uani wamejaa wanaume wazima, majirani, watu tuliotoka nao kanisani. Hakuna aliyeinua mkono. Mmoja akasema, "Mwache, aliyeua naye auawe."

Nikachukua mchi kwenye kinu. Nilimpiga Yohana mkononi, mfupa ukalia. Alipogeuka nikampiga begani, akaangukia mpunga ulioanikwa. Nikainua mchi mara ya tatu. Kichwani. Nilitaka kumpiga kichwani. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni Mama akiwa shamba.

Stella ndiye aliyesema, taratibu, "Wifi, basi."

Nikautupa. Majirani sasa ndiyo wakapata mikono, wakanishika mimi.

Jumanne, 20 Mei

Stella yuko wodini tena. Mbavu zimevunjika. Kikao kimefanyika kwa Mama bila Stella.

Yohana kaja na bendeji ngumu mpaka kwenye kiwiko. Anataka polisi. Stella afungwe, na mimi pia. Mzee wa kanisa akasema uhai unaanza siku mimba inapotunga, hakuna mjadala. Mzee Issa mwenye duka, jirani yetu, akaomba kusema. Kwao Waislamu, alisema, wengi wamefundishwa kwamba roho inapulizwa mimba ikifika miezi minne. Hata kabla ya hapo si jambo la kuchezea. "Lakini mama akiwa hatarini, huyo tayari yuko hai. Anatangulia yeye."

Wakabishana. Mwezi wa kwanza, mwezi wa nne, kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Mzee wa kanisa akapiga meza. Wanaume wakasimama, viti vikaanguka, nikadhani watapigana humo ndani. Stella hakutajwa hata kwa jina. Walikuwa wanasema "huyo mwanamke".

Nikasema alikuwa mtoto, nimemwona kwa macho yangu, nimemzika. Yohana akaitikia kwa kichwa. Akadhani niko upande wake. Nikaendelea. "Na Stella ni mtu. Uliambiwa atakufa, ukampa mimba. Juzi ulikuwa unamaliza kazi. Ukienda polisi, tutaongozana, nami nitasema nani kavunja mbavu zake."

"Daktari siyo Mungu," akasema.

"Wala wewe."

Mzee wa kanisa kaniambia siwezi kusimama pande mbili. Mama kaniambia nisikanyage tena kwake. Yohana alilia, kwa sauti, kamasi zikimtoka. Sikumwonea huruma. Kisha nikamwonea. Nilichukia hiyo huruma kuliko yote.

Yohana hakwenda polisi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepanda basi hadi Kasansa, kwao Stella, alikokwenda alipotoka wodini. Watoto wawili wadogo anao. Wakubwa wako kwa Yohana, wanapikiwa na Mama.

Amekonda. Anakaa upande mmoja kwa sababu ya mbavu. Alikuwa kwenye mkeka, anamenya mihogo. Tuliongea habari za mvua, za watoto, za mpunga kwamba umejaa magunia. Mtoto wa mwisho akalala mapajani mwangu.

Kisha akauliza, hajainua macho. "Wifi, na wewe unaona nimeua?"

Njia nzima niliogopa swali hilo.

"Naona hivyo," nikasema. "Naona pia kwamba ungekufa. Nimefurahi uko hapa."

Akamaliza muhogo alioushika, akautia kwenye beseni. Upepo ulikuwa unavuma kidogo kutoka bondeni. Nilidhani ataniambia niondoke, nikaanza kuhesabu moyoni basi la kurudi linapita saa ngapi.

Akasogea, akanipisha kivulini. Halafu akaingia ndani, akatoka na kisu kingine, akanipa.