Simu ya Malalamiko Aliyoipiga Wanjala

Wadi Kabir, Maskati
Ijumaa, baada ya sala

Kaka yangu Athumani,

Shikamoo kaka. Asalaam alaykum wewe na wote waliomo humo ndani. Mama anaendeleaje na goti lake? Shemeji Mwanaisha ameshapona ile homa? Mimi mwili mzima, nakula na nalala, ila nina hasira, kaka. Wiki ya tatu hii natembea nayo, na leo kwa kuwa hatuna kazi nimekaa chini niitue kwako. Tafadhali usisome harakaharaka kama unavyosoma mitihani ya wanafunzi wako.

Uliniuliza, eti kwa vile nafanya kazi kwa Wamarekani, naona chama chao kipi kina nafuu, maana hapo kijiweni kwenu mnabishana mpaka kahawa inapoa. Kaka, mimi ni fundi viyoyozi. Marekani sijaiona hata kwa dirisha la ndege. Ninachokijua ni kampuni yao, na juu ya mapaa ya maofisi ya Al Khuwair hakuna anayekuuliza wewe ni wa chama gani. Lakini umeuliza, basi nitakujibu. Ila itabidi nianze na Wanjala.

Wanjala ni yule Mkenya wa Bungoma niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, aliyekuwa akikusalimia kwenye simu na kukuita mwalimu. Amefanya kazi hapa miaka kumi na mmoja. Fundi kama yule sijamwona: anashika bomba kwa kiganja tu, anakwambia gesi imepungua, na ukipima unakuta kweli. Wamemletea vijana watatu wazungu, mmoja baada ya mwingine, awafundishe kazi. Amewafundisha. Wote watatu wakawa wakubwa wake. Akiuliza mbona yeye hapandishwi cheo, anaambiwa faili lake linasema hana sifa za uongozi. Mtu ambaye amewaongoza mpaka wakajua spana inashikwa wapi.

Sasa sikia. Miaka ile yule mtu mweusi alipouawa na polisi kule kwao na dunia nzima ikaona, mudiri wetu, ndiye meneja, alitukusanya karakana nzima. Tukavua kofia, tukasimama kimya dakika moja, halafu tukaambiwa haya, pandeni paani. Wiki iliyofuata akaja mpiga picha. Akatuchagua mimi na Wanjala, kwa weusi wetu, akatusimamisha tucheke. Likatundikwa bango kubwa ukutani, sisi wawili meno nje, limeandikwa kwamba hapa watu wote ni sawa. Chini yake namba ya simu ya huko Marekani: ukidhulumiwa kwa ajili ya rangi yako, piga, usitaje jina, tutakulinda.

Serikali ya kwao ilipobadilika, ikaja amri bango lishuke. Unajua walimtuma nani kulibandua? Walitutuma sisi. Nilipanda ngazi mimi, Wanjala akashika chini, nikaubandua uso wangu mwenyewe kwa kisu cha kukwangulia rangi. Nilicheka siku ile. Leo sicheki.

Kwa hiyo jibu la swali lako ndilo hilo. Chama kimoja kilinibandika ukutani, kingine kikanibandua. Lilipobandikwa tulikuwa wanane chumbani, na lilipobanduliwa tulikuwa wanane vilevile. Alikuja hapa mhandisi mmoja Mmarekani mweusi, akakaa miezi mitatu. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba wenye kampuni wanavichangia vyama vyote viwili, ili atakayeshinda awe wa kwao. Nendeni mkabishane na hilo hapo kijiweni.

Bango lilishuka, lakini ile namba ilibaki kwenye karatasi ndogo karibu na maji ya kunywa. Yule kijana wa tatu alipopandishwa cheo, nikamwambia Wanjala, piga. Hakutaka. Nikamwambia hawa ni Wamarekani bwana, kwao haki ipo, rais mwenyewe anashitakiwa. Unaona kaka? Nilikuwa nakariri masomo yako ya uraia. Nikamshika mkono, tukapiga saa ya chakula.

Akapokea mwanamke. Akasema kwa upole, usitaje jina. Wanjala ni mtu wa adabu, na mimi ni mtu wa Tanga. Utaanzaje kumweleza mtu shida yako hujamsalimu, hujamwambia wewe ni nani na umetoka wapi? Akamsalimu yule dada, akamuuliza habari za watoto, akamtajia jina lake, la baba yake, kijiji chao na karakana anayofanyia kazi. Yule dada akamkatiza mara mbili. Wanjala akanitazama. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikamwambia endelea, jitambulishe vizuri, usije ukaonekana mtu wa kusengenya.

Nilipomsimulia yule mhandisi mweusi, aliweka kikombe chini. Akaniuliza, "Mlimpa jina?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Sisi kwetu simu hizo tunazijua. Hatupigi."

Siku ya tisa baada ya ile simu Wanjala aliitwa ofisini asubuhi. Alasiri alikuwa uwanja wa ndege. Hata sabuni yake ilibaki kwenye kamba na taulo. Na kwenye karatasi yake ya kuondokea wakaandika kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, katikati ya mkataba. Sasa yuko Bungoma. Amepata wakala wa kumpeleka nchi nyingine ya huku huku Ghuba, fundi kama yule hakosi kazi, lakini wakala akiiona karatasi hiyo anaiweka pembeni. Mtu wa kuacha kazi njiani hawamtaki. Ana watoto wanne, na jina lake limechafuliwa na watu ambao hajawahi kuwaona.

Nilidhani yameishia hapo. Juzijuzi nikaitwa mimi. Ofisi ya wafanyakazi yumo Bi Zuwena, Muomani, mama yake kazaliwa Unguja, na Kiswahili chake kinatushinda sisi sote. Akanisogezea karatasi ya Kiingereza.

"Mwanangu, hii imetoka kwa wakubwa huko. Wanataka shahidi kwamba Wanjala kaondoka mwenyewe, wapate kufunga faili la ile simu. Mie nna amri ya kukupa tu. Sina amri ya kukwambia utie saini."

Nikaisoma kwa Kiingereza changu cha mabomba. Chini kabisa pana mstari: shahidi anaweza kuandika maelezo yake kwa lugha anayoielewa.

"Bi, na Kiswahili ni lugha?"

Akatoa kalamu kwenye mkoba wake. "Kaa hapo."

Niliandika kurasa tatu. Wale vijana watatu, bango, simu, siku ya tisa, sabuni kwenye kamba. Bi Zuwena akasoma zote, akavua miwani.

"Umejitaja na wewe humu. Kwamba wewe ndo uliyempeleka kwenye simu."

"Ndiyo, Bi."

"Haya. N'tafasiri kama ilivyo. Sikuongezei wala sikupunguzii."

Na alifanya hivyo, nimekaa ubavuni kwake naona. Ikapelekwa. Siku nne baadaye akaniita, akafunga mlango. Jibu lilikuwa mistari miwili. Wanamshukuru Bwana Hamza kwa kuthibitisha kwamba mwenzake aliondoka kwa hiari. Faili limefungwa.

Athumani, kurasa tatu. Wamechukua jina langu wakalipiga muhuri kwenye uongo wao, na wakanishukuru. Bi Zuwena alisema, "Ama hawakusoma, ama wamesoma wakaona si kitu. Sijui lipi baya zaidi." Mimi najua. Wamesoma. Kampuni inayohesabu hata bolti iliyopotea haiwezi kukosa kusoma kurasa tatu.

Ile tafsiri ya Kiingereza ni mali ya kampuni, hawezi kunipa. Lakini kurasa zangu za Kiswahili alizitoa nakala, akazipiga muhuri wa tarehe. Ndizo hizo zilizomo ndani ya bahasha. Ndiyo sababu nimeandika kwenye karatasi na kumpa mtu wa Pongwe anayerudi likizo. Simu yangu ni ya kampuni.

Ninachokuomba ni hiki. Zitafsiri kwa Kiingereza safi, umpelekee Wanjala, naye ampe wakala wake, na wakala ampe anayetaka kuajiri. Usilainishe. Najua utafika mahali utasema Hamza kapitiliza, ngoja nimpunguzie. Usipunguze. Pale nilipoandika kwamba mimi ndiye niliyemshika mkono, usiparuke. Na jina langu usilifiche kwa kuandika "mfanyakazi mwenzake". Najua ada ya shule ya binti yako inatoka huku. Nimeliwaza hilo kabla hujaliwaza wewe, na bado naomba.

Mwambie Mama nampenda, na goti alikande kwa maji ya moto, asidanganywe na mafuta ya kwenye redio. Msalimie shemeji. Mwambie binti yako asome. Wale wa kijiweni wape salamu zangu, na yule muuza kahawa mwambie ya huku haina tangawizi.

Ukiniona nimeshuka hapo Muheza na begi kabla ya Rajabu, usiniulize kulikoni. Ujue kurasa hizo zimeifikia kampuni, na safari hii wamezisoma mpaka mwisho.

Mdogo wako,
Hamza