Maua ya Nyuma ya Ngome

Mjukuu wangu Achieng,

Hapa Homa Bay hatujambo. Goti la nyanya yako limepoa.

Unaulizia mahali patulivu katika mji wako huo wa Japani. Nenda nyuma ya ngome, kando ya handaki la maji, asubuhi ya Julai.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa uvuvi, nikatumwa huko kwa mafunzo. Nilipoona majani yamefunika maji, nilidhani ni magugu yaliyoziba ziwa letu. Nikang'oa moja. Mlinzi mzee akatokea.

"Karani, umeng'oa maua ya wenyewe," mwenzangu wa Migori akaninong'oneza. "Kesho unarudishwa kwenu."

Mzee akaniashiria niketi. Tukatazama mayungiyungi, maua ya yale majani, yakifunguka, moja baada ya jingine, kisha mzee akaniinamia kwa heshima akaondoka. Hakuniuliza hata jina.

Ukifika, kaa kidogo kwa niaba yangu.

Babu yako