Leokadia alivyonisema mkutanini

Kizwite, Jumapili usiku

Angenisema mtu mwingine, ningelala. Lakini ni Leokadia, mdogo wangu wa tumbo moja.

Leo baada ya misa bwana shamba alikuja ukumbini kutueleza habari za mbegu ya mahindi iliyobadilishwa maabara. Watu walikuwa wakali. Nikanyoosha mkono, nikasema tusikilize kwanza, tukikataa tukatae tumeshaelewa.

Leokadia akasimama. "Dada lazima aitetee. Hata insulini anayojidunga inatengenezwa na vijidudu vilivyobadilishwa hivyohivyo. Ndiyo maana mimba zake ziliharibika."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mama Deo, jirani yangu, akasogeza kiti chake pembeni.

Habari za dawa nilimweleza mimi mwenyewe, baada ya nesi kunielewesha. Za mimba anazijua kwa sababu ndiye aliyenishika mkono nikilia. Na ziliharibika kabla sijaanza hiyo dawa! Anajua. Anajua kabisa.

Nilitaka kuyasema hayo palepale, lakini nikainuka nikatoka.

Akanifuata nje. "Dada, usikasirike. Nilitaka tu watu waiogope ile mbegu."

"Sasa wananiogopa mimi," nikamwambia.

Mbegu yenyewe hata mimi sina hakika nayo. Angeniuliza tu, huenda tungekuwa upande mmoja.

Jioni nimejidunga kama kawaida. Leokadia analala chumba cha pili, na siku zote huwa naacha mlango wazi, sukari ikishuka nikazidiwa anisikie. Leo nimeufunga kwa komeo.