Kopo la Mafuta ya Dubu

Kibandani, mto Bikin, 9 Januari 1994

Mwanangu Arkadi,

Kwa masikitiko makubwa ninakutangazia kifo cha ndoo yangu ya bluu, iliyoutumikia ukoo huu miaka kumi na mmoja bila kuvuja. Imeng'atwa matundu manne, mlangoni pangu. Mazishi yamefanyika nyuma ya kuni.

Mimi mzima. Wewe na mkeo hamjambo? Na kikohozi cha mjukuu wangu Zoya? Uliandika kwamba halali.

Mng'ataji ni Mzee wa Milia. Usihofu, ana shibe. Wiki iliyopita alimfuma dubu jike wa kahawia amelala shimoni. Nimeyasoma yote kwenye theluji: kaanza mlango wa mbele, dubu kaja juu, Mzee kazunguka, kachimba kwa nyuma, kamvuta kwa shingo, jitu zima lile. Kala mapaja na mgongo, kaacha kichwa na nyayo. Fundi.

Prokop anayeleta barua hii, mpe chai.

Baba yako

Kijijini, 14 Januari

Baba,

Shikamoo. Sisi tumo, mtoto bado anakohoa. Simbamarara mlangoni, nawe unazika ndoo? Nimepeleka taarifa. Tarehe 27 wanakuja watu wa bunduki. Fungasha. Mama alikufa akikungoja utoke huko msituni. Mimi singoji.

Mwanao

18 Januari

Arkadi,

Marahaba, kama ile ilikuwa shikamoo.

Nani kakutuma? Umemshitaki Mzee, tena kwa jina lake lisilotajwa, tena kwa karatasi, kwa watu wasiotofautisha unyayo wa dubu na wa padri! Babu yako akikutana naye aliweka bunduki chini akaomba njia. Wewe unamwitia wauaji kwa ajili ya ndoo. Ndoo yenyewe yangu! Wazuie.

Baba yako

22 Januari

Baba,

Siwazuii. Prokop kaona nyayo: anakizunguka kibanda chako kila siku. Aliyeshiba hana kazi mlangoni pa mtu. Ulinifundisha mwenyewe. Basi ama yeye kaharibika, ama wewe una lako. Ulichukua nini?

Arkadi

24 Januari

Mwanangu,

Hatujambo sote wawili, mimi na yeye.

Kopo moja. Mafuta ya yule dubu, yaliyobaki mbavuni. Najua: mawindo ya Mzee hayaguswi, hata ukifa njaa. Niliwachapa nyinyi kwa jambo hilohilo. Lakini Zoya halali, na mafuta ya dubu ndiyo dawa ya kifua: kijiko asubuhi, kijiko jioni. Nilikuwa nikisubiri barafu ya mto ikaze niyalete mwenyewe. Ningempa Prokop, angeyaonja njiani.

Jana nimeyarudisha palepale na kuomba radhi kwa magoti, na magoti yangu unayajua. Leo theluji ya mlangoni haina unyayo. Mwenye kesi ni mimi. Hao watu waje wanipige mimi, nitasimama wanilenge vizuri. Ila mtoto sasa hana dawa. Hilo linanitia hasira hadi nataka kupiga kitu teke, na ndoo sina.

Baba yako

26 Januari

Baba,

Shikamoo. Nimewazuia watu wa bunduki, wamenitukana hadi ukoo. Hasira nawe bado ninazo.

Zoya alipona tarehe 16. Hukuuliza tena, nami kwa hasira sikusema. Tulimpa dawa ya maji ya dukani.

Mwanao