Kadi Iliyokuwa Baridi

Chumba Na. 7, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vioo.
14 Juni.

Mpendwa Binamu,

Habari za huko, na za baridi yenu? Natumaini barua hii itakukuta mzima na umelala vya kutosha, maana mara ya mwisho nilikuona kwenye simu umekonda. Sisi hatujambo. Shangazi, mama yako, goti linamsumbua kwenye ngazi tu. Kwenye maneno hana tatizo lolote. Mume wangu amehamishiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo sasa angalau tunaonana.

Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Nianze na lililonikaa kooni. Uliponikutanisha na rafiki yako daktari wa meno, nilishukuru. Katuni ya dakika nane ya kuwaondolea watoto hofu ya kiti cha daktari ni kazi ambayo karakana yangu haijawahi kuipata. Lakini wiki mbili baadaye ukampigia simu yeye, si mimi, ukamwambia programu ninayotumia kutolea picha ni ya kizamani, kwamba unayotumia wewe ina kasi zaidi, na kwamba sitamaliza kwa tarehe. Akaja mwenyewe, akapanda ngazi zote na mkoba wake, akasema, "Dada, nipe namba za kasi ya programu zote mbili kufikia Jumatano. Zikinitia shaka, kazi naihamisha." Hakuwa na hasira hata kidogo. Ndiyo maana niliogopa.

Unajua mimi sikufundishwa na mtu. Wewe ulisomeshwa, mimi nilijifunzia kwenye kompyuta iliyokuwa ikizimika ukigusa meza. Miaka kumi na moja nimetumia programu ile ile, na kuambiwa ni ya kizamani na mtu ambaye hajakaa kwenye kiti changu hata siku moja, hilo sikulimeza.

Hata hivyo hesabu ni hesabu. Dakika nane ni sekunde 480, kila sekunde ina fremu 24, yaani picha 24, jumla fremu 11,520. Nina kompyuta tatu, kwa hiyo kila moja inabeba fremu 3,840. Programu yangu hutoa fremu moja kwa dakika kumi na moja: hizo ni siku ishirini na tisa na saa nane. Nilikuwa na siku thelathini. Zinabaki saa kumi na sita za kufidia makosa, na umeme wetu unaujua.

Tukapakia programu yako. Fundi Rangi, mwenzangu anayechora mandhari, aliiendesha Jumatatu nzima: chumba kile kile, taa zile zile, jino lile lile lenye miguu linalolia kwenye katuni yetu. Dakika ishirini na sita kwa fremu. Nikaangalia mara mbili. Ishirini na sita! Sitakuficha, nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka la vioo akagonga dari yake. Siku hiyo hiyo nikakuandikia barua ya kurasa tatu, na humo sikukuacha salama.

Sababu ya barua hiyo kutokufikia ni sweta. Chumba chetu ni kidogo, na kadi ya michoro, kile kifaa cha ndani ya kompyuta cha kuchorea picha, ikiwa kazini hutoa joto kama pasi. Fundi Rangi hushinda na fulana mwaka mzima. Nilikuwa nalamba bahasha nilipomwona amevaa sweta.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Siumwi, bosi. Leo humu kumepoa tu."

Nikaweka mkono nyuma ya kompyuta. Kadi ilikuwa baridi, feni zake zimesimama. Kumbe programu yako ikipakiwa mara ya kwanza hufanya kazi yote kwa prosesa, ubongo wa kawaida wa kompyuta, mpaka uingie kwenye mipangilio uichague kadi mwenyewe. Yangu huikamata kadi bila kuambiwa, kwa hiyo miaka yote hiyo hatukuwahi kuwa na haja ya kutafuta mahali pa kuichagua. Tulikuwa tumewashindanisha wakimbiaji wawili, mmoja tumemfunga miguu.

Fundi Rangi akanitazama. "Daktari hajui kadi wala prosesa. Na namba hatukuzitunga, zimetoka kwenye mashine."

Nilikaa na namba hizo muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikamwambia avue sweta, tunaanza upya.

Dakika nne.

Siku kumi na saa kumi na sita kwa filamu nzima. Mwanga kwenye sinki, kivuli cha kiti, ulimi wa mtoto: nilivikuza mpaka picha ikawa kama vigae, sikupata tofauti ya kunisaidia. Kasoro nimepata moja. Foleni ya watu sitini kwenye chumba cha kusubiri haikuenea kwenye kumbukumbu ya kadi, programu ikajifunga mara tatu. Tumewagawa thelathini thelathini, kisha tunaunganisha picha. Inaongeza siku moja. Hilo hukumwambia daktari, kwa sababu hukulijua.

Jumatano nilimpa karatasi moja: 11, 4, na ile 26 pia, na chini yake nikaandika kwamba kosa lilikuwa letu. Akaisoma mpaka mstari wa mwisho.

"Kwa hiyo binamu yako alisema kweli?"

"Alisema kweli, kwa mtu asiyestahili kuambiwa kwanza."

Akacheka, akaikunja karatasi. "Hii ishirini na sita nisingeijua kamwe. Malizia kazi yako, Dada. Na hizo siku ulizookoa, lile jino lipunguziwe machozi."

Tumeanza jana. Fundi Rangi amerudi kwenye fulana.

Programu yako ni nzuri, Binamu. Nimekiri kwa wino. Ila siku nyingine ukiona sitafika, niambie mimi. Namba yangu ya simu haijabadilika.

Msalimie sana wifi, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Mume wangu anakusalimu. Shangazi anasema upige Jumapili, na usiseme una haraka. Mungu akulinde kazini na njiani, akuongezee na usingizi.

Mwishoni mwa filamu nimeweka jina lako, peke yake, kwa sekunde mbili. Ni fremu arobaini na nane, dakika nne kila moja: saa tatu na dakika kumi na mbili za kompyuta yangu. Mtu mwingine sijawahi kumpa.

Akupendaye hata akinuna,
Dada yako wa Hesabu